Uchambuzi wa kisa: asidi moja, makundi manane, majibu yaliyopishana kwa mililita nzima

Usuli

Kisa ni cha maabara ya kemia ya shule, darasa la wanafunzi 24 waliogawanywa makundi manane ya watu watatu watatu. Kila kinachoweza kuitambulisha shule au mtu kimeondolewa.

Zoezi lilikuwa la kawaida: kutafuta ukolezi kamili wa asidi ya haidrokloriki iliyokadiriwa kuwa 0.1 M (moli kwa lita), kwa titresheni, yaani kudondosha asidi kwenye myeyusho wa sodiamu kaboneti wa 0.05 M mpaka mmenyuko ukamilike, kiashiria kinachobadilika rangi mwishoni kikiwa methili oranji. Fundi sanifu wa maabara alikausha kaboneti, akapima gramu 10.60, akaiyeyusha na kujaza flaski ya ujazo ya mililita 2000 hadi kwenye alama. Asidi yote ilitoka kwenye dumu moja lililotikiswa vizuri. Siku moja kabla ya somo, fundi alifanya titresheni tatu na kupata kwamba ml 25.00 za kaboneti zinamaliza ml 24.90 za asidi, yaani ukolezi wa 0.1004 M. Hiyo 24.90 ndiyo tutakayoilinganisha na majibu ya wanafunzi.

Bureti, mirija mirefu yenye koki chini ya kutolea asidi, zilikuwa za ml 50, zenye mstari kila ml 0.1. Pipeti za ml 25, mirija ya kupimia ujazo mmoja tu wa kaboneti, zilikuwa saba tu, kwani ya nane ilikuwa imevunjika ncha. Kwa hiyo kundi la 5 lilipewa silinda ya kupimia ya ml 25. Uamuzi huo ulifanywa dakika za mwisho, na ulionekana hauna madhara: silinda imeandikwa 25, pipeti nayo imeandikwa 25. Karatasi ya maelekezo ilisema tu "soma chini ya meniski, jicho likiwa sawa na kimiminika"; meniski ni mbonyeo wa uso wa kimiminika ndani ya mrija.

Siku ya kwanza

Kila kundi lilifanya titresheni moja ya kukadiria, kisha tatu za uhakika, na kila mara likaijaza bureti upya hadi sifuri. Makundi ya 1, 3 na 6 yalipata wastani wa 24.90, 24.85 na 24.90. Makundi ya 2, 4 na 8 yalipata 24.70, 24.65 na 24.70. Kundi la 5, lile la silinda, lilipata 23.95, 24.20 na 23.70, wastani 23.95. Kundi la 7 lilipata 25.15, 25.00 na 24.95, wastani 25.03. Kutoka wa chini hadi wa juu ni zaidi ya mililita nzima, kwenye kipimo ambacho bureti ya daraja B, daraja la chini la usahihi, inaruhusiwa kukosea kwa ml 0.1 tu.

Wazo la kwanza la mwalimu lilikuwa kwamba kundi la 5 na la 7 ni wazembe, na mengine yako sawa. Ni wazo linalokuja haraka kwa sababu makundi ya 2, 4 na 8 yalikuwa na majibu matatu yaliyopatana, hakuna lililopishana na mwenzake kwa zaidi ya 0.10. Lakini kupatana ni jambo moja na kuwa sahihi ni jingine. Kosa linalorudiwa kwa namna ileile kila mara hutoa majibu mazuri ya kutazama, yote yamehama pamoja.

Uamuzi uliofuata, na sababu zake

Kurudia zoezi papo hapo kulikataliwa. Kama chanzo hakijulikani, kurudia huzalisha namba nyingine za kubishania. Badala yake mwalimu na fundi walianza na vyombo, kisha wakaja kwa wasomaji.

*Kupima bureti kwa mizani.* Kila bureti ilijazwa maji yaliyokenekwa, yakaachwa chumbani mpaka yalingane na joto la chumba, nyuzi 25 za Selsiasi. Zikatolewa ml 20.00 kwenye chupa iliyokwisha pimwa uzito, usomaji wote ukifanywa na fundi peke yake. Uzito unaotarajiwa si gramu 20.00. Maji ya nyuzi 25 yana gramu 0.9970 kwa kila mililita, na hewa inayoizunguka chupa huyabeba kidogo, hivyo mizani huonyesha karibu gramu 19.92. Bureti zote nane zilitoa kati ya 19.89 na 19.95. Vioo vikaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

*Bureti moja, macho ishirini na manne.* Bureti moja ilifungwa kwenye stendi juu ya meza, koki ikafungwa, maji yakiwa kwenye 12.40. Kila mwanafunzi alipita, akasoma, akaandika namba kwenye kikaratasi bila kumwonyesha mwenzake. Hili ndilo jaribio lililofichua zaidi ya mengine yote, nasi tungependa lifanywe kabla ya titresheni yoyote. Namba zilitapakaa kutoka 12.25 hadi 12.60. Watatu waliandika 13.60.

Hao watatu hawakuwa na tatizo la macho. Namba za bureti huongezeka kwenda chini, kwa kuwa bureti hupima kilichotoka. Wao waliona 13, wakahesabu vijistari sita kwenda juu kama wanavyofanya kwenye silinda, wakapata 13.60. Siku ya kwanza kosa hili halikuonekana katika usomaji wa mwanzo kwa sababu wote walianzia sifuri, na sifuri haina pa kugeuzwa.

*Kupima urefu.* Fundi alichukua futi ya mkanda. Meza ilikuwa na sentimita 80. Juu yake kulikuwa na kigae cheupe, chupa ya koni, ncha ya bureti, kisha mwili wa bureti. Mstari wa sifuri ulifika sentimita 162 kutoka sakafuni. Msomaji wa kundi la 4 macho yake yalikuwa kwenye sentimita 150, na alisimama sentimita 35 kutoka kwenye bureti.

*Kusahihisha kwa kuongeza 0.2.* Mwalimu alipendekeza makundi ya 2, 4 na 8 yaongeze ml 0.2 kwenye majibu yao, kwa kuwa yote yalipungua kwa kiasi hicho. Pendekezo hili lilijaribiwa kwenye ubao na kuachwa. Upungufu wa kila mtu unategemea kimo chake na umbali aliosimama. Mwenzake akishika usomaji, namba inabadilika. Kosa la aina hii halina kiasi kimoja cha kuongeza.

Meniski, na kwa nini jicho lina nguvu kiasi hiki

Maji huvutwa na kioo kwa nguvu kuliko yanavyovutana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo hupanda kidogo kwenye kuta, na uso wake hubonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Mbonyeo huo ndio meniski. Zebaki hufanya kinyume: hujipenda kuliko inavyokipenda kioo, ikavimba katikati, nayo husomwa kwenye kilele. Kwenye silinda za plastiki maji hubaki karibu bapa, jambo linalowachanganya wanafunzi wanaohama kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Sehemu ya chini ya mbonyeo iko katikati ya mrija, ilhali mistari ya vipimo iko nje, juu ya kioo. Kati ya hivi viwili kuna nafasi. Bureti ya ml 50 ina kipenyo cha ndani cha milimita 11 hivi. Ukiongeza unene wa kioo, chini ya meniski iko karibu milimita 6 nyuma ya mistari. Jicho lililo sawa na meniski halijali nafasi hiyo. Jicho lililo chini au juu yake hulipa gharama.

Tazama kundi la 4. Jicho liko sentimita 12 chini ya sifuri, umbali sentimita 35. Mstari wa macho unapanda kwa uwiano wa 12 kwa 35, na ndani ya milimita 6 za mwisho unapanda karibu milimita 2. Yaani unakata mistari ya nje milimita 2 chini ya mahali meniski ilipo kweli. Kwenye bureti hii mililita moja huchukua milimita 11 za urefu, kwa hiyo milimita 2 ni karibu ml 0.2. Mwanafunzi alipoona meniski imekaa sawasawa kwenye sifuri, kimiminika kilikuwa juu ya sifuri kwa ml 0.2. Titresheni ilipofika mwisho, usomaji ulikuwa karibu na 25, sentimita 27 na kitu chini ya sifuri. Huko ni rahisi kuinama kidogo na kusoma vizuri, na ndivyo walivyofanya. Mwanzo ulikosewa, mwisho ukawa sahihi, na ml 0.2 za asidi zikaingia kwenye chupa bila kuandikwa popote. 24.90 ikawa 24.70.

Watu wengi hujifariji kwamba katika bureti makosa hufutana kwa sababu tunatoa namba moja kwenye nyingine. Ni kweli kwa kosa moja tu: lile lililo sawa mwanzo na mwisho. Ukisoma ukingo wa juu wa meniski mara zote mbili, utapata jibu sahihi kabisa, na ndiyo maana myeyusho wenye rangi nzito kama wa potasiamu pamanganeti husomwa kwenye ukingo wa juu bila hasara. Lakini kosa la pembe hubadilika kadiri meniski inavyoshuka. Na kama wanafunzi hawa wangesimama wima bila kuinama, hali ingekuwa mbaya zaidi: mwanzo wangetazama kutoka chini, mwisho kutoka juu. Kutazama kutoka juu huifanya bureti isomeke pungufu, hivyo makosa mawili yangejumlishana na upungufu ungekaribia ml 0.4.

Kundi la 5: silinda si pipeti fupi

Kundi hili lilisoma ukingo wa juu wa meniski. Kwenye bureti lisingedhurika. Kwenye silinda, usomaji ni mmoja na hakuna wa kuutoa.

Silinda ya ml 25 ina upana wa karibu milimita 19, kwa hiyo milimita moja ya urefu ni karibu ml 0.28. Ukingo wa juu umesimama milimita 2 hadi 3 juu ya kitovu cha meniski. Mwanafunzi anayeufikisha ukingo kwenye 25 anapungukiwa na ml 0.6 hadi 0.8. Kisha anamimina, na utando wa maji unabaki kwenye kuta, pengine robo ya mililita. Silinda nyingi zimetengenezwa kuonyesha kiasi kilichomo ndani, si kiasi kitakachotoka. Pipeti ya ujazo imetengenezwa kuonyesha kinachotoka: alama "Ex" au "TD" iliyoandikwa kwenye kioo maana yake ni hiyo, na "In" au "TC" ni kinyume chake. Hesabu inafika: 25 ikawa karibu 24.05, na 24.90 ikashuka hadi 23.95. Kutawanyika kwa majibu yao matatu kulitokana na utando uliobaki, ambao haukuwa sawa kila mara.

Linganisha na flaski ya ml 2000 ya fundi. Angekosea vilevile, milimita 3 zilezile kwenye shingo ya karibu milimita 25, angepungukiwa na ml 1.5 hivi. Katika 2000, hiyo haifiki sehemu moja kwa elfu. Ndiyo maana vyombo vya kupimia kwa usahihi vina shingo nyembamba pale kwenye alama. Hata hivyo kosa la flaski lina ubaya wake: makundi yote yangelirithi kwa usawa, na hakuna kulinganisha kwa makundi ambako kungelifichua.

Kundi la 7: ushahidi ulikuwa kwenye namba iliyofutwa

25.15, 25.00, 24.95. Namba zinashuka kwa mpangilio, na wazembe hawakosei kwa mpangilio. Mwalimu aliporudi kwenye daftari alikuta titresheni ya kukadiria, iliyokatwa kwa mstari mmoja: 25.40.

Kundi hili liliosha bureti kwa maji yaliyokenekwa na kujaza asidi moja kwa moja. Karibu mililita moja ya maji ilibaki ukutani na kwenye ncha chini ya koki. Mililita moja katika 50 ni asilimia 2 ya uchanganyifu, na 24.90 ikiongezwa asilimia 2 ni 25.40. Walipoijaza bureti nusu kwa asidi mpya, uchanganyifu ulibaki asilimia 1: 25.15. Kisha nusu asilimia: karibu 25.00. Bureti huoshwa kwa maji, kisha husuuzwa mara mbili au tatu kwa ml 5 hivi za myeyusho utakaowekwa ndani, ukipitishwa hadi nje ya ncha. Chupa ya koni ni kinyume: ioshwe kwa maji tu, ikisuuzwa kwa kaboneti itabaki na kaboneti ya ziada ambayo hakuna aliyeipima.

Kutupa titresheni ya kukadiria katika wastani ni sawa. Kuifuta daftarini si sawa.

Siku ya pili

Wiki moja baadaye zoezi lilirudiwa na asidi ileile na kaboneti ileile. Pipeti ya nane iliazimwa. Mabadiliko makubwa yalikuwa mawili.

La kwanza lilihusu mahali pa kuanzia. Kulikuwa na njia ya kusimama juu ya kibao, na njia ya kuiachilia bureti kutoka kwenye kibano na kuishika kwa vidole viwili karibu na juu, ining'inie wima yenyewe, kisha kuipandisha na kuishusha mpaka meniski ifike machoni. Ya pili ni nzuri kwa mtu mzoefu. Kwa vijana 24 na asidi, mwalimu aliogopa vioo kuvunjika. Akachagua njia ya tatu: msianzie sifuri. Hakuna sheria ya kemia inayodai sifuri. Ukianzia karibu na 10, meniski iko sentimita 151 kutoka sakafuni, mbele ya macho ya wengi, na 35 bado iko ndani ya bureti. Tunaona huu ndio uamuzi bora wa kisa chote, kwa sababu haukuhitaji kifaa chochote.

La pili lilikuwa kadi nyeupe yenye nusu nyeusi, inayoshikwa nyuma ya bureti. Weusi ukikaa milimita moja hivi chini ya meniski, chini ya mbonyeo hugeuka mstari mweusi ulio wazi juu ya weupe. Mwanzoni makundi mawili yalishika kadi juu sana, weusi ukapanda nyuma ya meniski, na wakasoma kivuli chake badala ya meniski yenyewe. Fundi alizunguka meza hadi meza kuwashusha mikono.

Usomaji uliandikwa kwa desimali mbili, ya pili ikiwa 0 au 5. Faneli iliondolewa kabla ya usomaji wa mwanzo, kwa kuwa tone linalochelewa kudondoka kutoka kwenye faneli huingia kwenye hesabu. Tone moja ni karibu ml 0.05. Kiputo cha hewa kwenye ncha kilitolewa kwa kufungua koki ghafla. Pipeti iliachwa imwage yenyewe, ncha ikigusa ukuta wa chupa, na tone la mwisho halikupulizwa.

Matokeo

Wastani wa makundi saba uliangukia kati ya 24.85 na 24.95. Kundi la 6, lililokuwa sahihi siku ya kwanza, lilipata 25.00. Lilikuwa linafungua koki wazi kabisa hadi karibu na mwisho, kisha linasoma papo hapo. Asidi iliyobaki ukutani ilikuwa bado inateremka. Ukisoma mapema, uso uko chini kuliko utakavyokuwa baada ya nusu dakika. Walipoambiwa wasubiri sekunde 30 baada ya tone la mwisho, titresheni iliyofuata ilitoa 24.90.

Uamuzi wa kutoanzia sifuri ulileta tatizo ambalo siku ya kwanza lilifichwa na kuanzia sifuri. Kundi la 4 liliandika 11.60 mwanzoni na 35.30 mwishoni, likapata 23.70. Titresheni zake nyingine zilikuwa 24.90 na 24.85. Kwa kuwa bureti ilikuwa bado haijaguswa na mahali pa kuanzia palikuwa pamewekwa alama ya kalamu, walirudi kutazama: meniski ilianzia 10.40, si 11.60. Ni kosa lilelile la 13.60, safari hii katika mwanzo wa titresheni halisi. Sahihisho likafanywa, 24.90.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Jaribio la bureti moja kwa macho 24 lilichukua dakika 15, likatenganisha kosa la pembe na kosa la kuhesabu kinyume, mambo mawili ambayo katika titresheni ya kawaida huchanganyika na kosa la rangi ya kiashiria na la pipeti. Kupima bureti kwa mizani kulikuwa na thamani hata kama hakukufichua hitilafu, maana kuliondoa kisingizio cha vifaa.

Kilichoshindikana mapema ni karatasi ya maelekezo. "Jicho likiwa sawa na kimiminika" ni maneno sahihi ambayo mwanafunzi mfupi hawezi kuyatii akiwa amesimama mbele ya sifuri iliyoko sentimita 162. Karatasi mpya inasema: chagua mahali pa kuanzia ambapo macho yako yanafika bila kujinyoosha, mstari wa duara unaozunguka bureti ukionekana kama mstari mmoja ulionyooka, si kama yai, jicho liko mahali pake, soma kutoka namba ndogo iliyo juu kwenda chini, mwenzako asome pia kabla hujaandika.

Kwa kundi la 5, kosa la kwanza lilikuwa la aliyegawa vyombo. Kama pipeti ingekosekana tena, lingeweza kupewa bureti ya pili kwa ajili ya kaboneti: ml 25.00 kwa tofauti ya usomaji wa namba mbili, kwa chombo kilichotengenezwa kutoa.